Mazoezi ya safari ya porini yako Kibiti, si Lupanga

Makundi ya watembeaji wa Dar es Salaam yana utaratibu wao uliokwisha zoeleka. Wanaanza na vilima vya Pugu siku za Jumamosi, wanaenda Morogoro kupanda Lupanga katika safu ya Uluguru, mita 2,138, na mwisho wa mwaka wenye uwezo wanaelekea Kilimanjaro ili Desemba 9 iwakute kileleni. Kwa anayekwenda mlimani hapo hakuna cha kulaumu. Tatizo linaanza pale mtu aliyelipia siku nne au tano za kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere anapofuata utaratibu uleule, akaamini kwamba kwa kuwa Lupanga aliimaliza, basi na pori ataliweza. Gari la kumpeleka lango la Mtemere linaiacha lami pale Kibiti na kukamata njia ya Mloka. Hapo Kibiti ndipo alipotakiwa kuwa ameshashuka, na begi lake mgongoni, wiki tatu kabla.

Kwanza tukubaliane siku moja ngumu ya mazoezi ni ya nini, maana wengi wanaidai kazi isiyo yake. Haijengi mwili. Misuli inataka wiki nyingi, na hata kulizoea joto ni kazi ya siku 7 hadi 14 za kufanya mazoezi juani, mpaka jasho lianze kutoka mapema na moyo uache kwenda mbio kwa mwendo uleule. Jumamosi moja haiwezi hayo. Inachoweza ni kufichua. Kidole kidogo kinachosuguliwa na kiatu hunyamaza saa mbili za kwanza, na mara nyingi huanza kulalamika saa ya nne au ya tano, wakati soksi imelowa na mchanga umeshaingia. Mkanda wa begi ulioonekana laini dukani huanza kukata bega pale tu mzigo unapokuwa wa kweli. Na mzigo wa kweli wa nchi ya joto ni maji: lita moja ni kilo moja, na mtu anayetembea juani kwa bidii anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa. Anayebeba lita tano ana kilo tano kabla hajaweka chakula, dawa wala kandambili za jioni.

Kama kazi ya siku hiyo ni kufichua, basi lazima ifanane na safari yenyewe, la sivyo itafichua mambo ya safari nyingine. Lupanga inapima mapafu na mapaja kwa kupanda, na magoti kwa kushuka, tena kwa sehemu kubwa ndani ya msitu wenye kivuli na ubaridi. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na yenye kilomita za mraba 30,893, haidai hayo. Ukanda wake unaotembelewa zaidi, kandokando ya mto Rufiji, ni nchi ya chini, yenye joto, mchanga wa makorongo na nyasi, na jua lisilo na pa kulikimbia ikishafika saa nne asubuhi. Mtu anaweza kuwa hodari wa kupanda na bado akashindwa na tambarare.

Sasa itazame Kibiti. Ukitoka barabara kuu ya Kilwa kuelekea mashariki, njia za vijijini zinapita kwenye mikorosho na minazi juu ya mchanga mlegevu unaodidimia kila hatua. Vipimo vya wanasayansi vimeonyesha kwamba kutembea juu ya mchanga mkavu hula nguvu mara mbili au zaidi ya kutembea kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo kilomita 15 za huko haziandikwi daftari moja na kilomita 15 za lami ya Masaki. Hakuna mandhari ya kukupa moyo, hakuna kilele cha kupigia picha, na huo uchovu wa kichwa nao ni sehemu ya mtihani. Ukishuka zaidi, upande wa Nyamisati, unaingia kwenye delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Hapo tope linafika kwenye vifundo, mahali pengine magotini. Mizizi ya mchu inachomoza wima kutoka kwenye tope, urefu wa kiganja, na ile ya mkoko inajipinda kama matao, kiasi kwamba kila hatua inatafutiwa mahali. Kiatu kirefu cha bei kubwa kinajaa tope na kugoma kutoka, huku mwenyeji aliyevaa yeboyebo akikusubiri mbele bila kutoa neno. Nusu saa ya hapo inatosha kumwonyesha mtu kama vifundo vyake vina nguvu au vilikuwa vinabebwa na kiatu.

Delta hii iliwahi kutoa somo hilohilo kwa watu wenye nguvu zaidi yetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikono ya Rufiji mwaka 1914, na meli kubwa za Waingereza zikabaki nje baharini miezi kadhaa, zina mizinga lakini hazina pa kupita. Waliolimaliza jambo lile walikuja na Severn na Mersey, meli ndogo zenye tumbo bapa, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Hata hizo zilishindwa jaribio la kwanza, Julai 6, 1915, Mersey ikapigwa, zikarudi nyuma. Zikarekebisha, na Julai 11 Königsberg ikafika mwisho wake. Jaribio la kwanza liliwafaa kwa sababu lilifanyika mahali penyewe, na kwa sababu walikuwa na pa kurudi.

Yupo atakayesema kwamba Kibiti haina mwinuko, kwa hiyo haimfai mtu wa Kilimanjaro. Ni kweli, na hoja hii inaniunga mkono. Anayekwenda mita 5,895 afanye mazoezi mlimani, na kama anataka mwili uonje hewa nyepesi, Lupanga nayo ni fupi mno. Aende Meru, mita 4,562. Kila safari na uwanja wake.

Pingamizi zito ni la usalama, na hili halijibiwi kwa ushujaa. Rufiji ina mamba na viboko. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika Wilaya ya Rufiji, wakati Kibiti bado ikiwa sehemu yake. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Ndiyo maana mazoezi haya si ya masika, si ya kuanza alfajiri gizani, na si ya kuzurura kandokando ya mto. Ni ya miezi ya kipupwe, mchana, pamoja na mwenyeji anayelipwa vizuri, baada ya kujitambulisha ofisi ya kijiji, na kwa upande wa mikoko, ambayo ni msitu wa hifadhi, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Tarehe ichaguliwe kwa mwezi, si kwa kalenda ya ofisini: wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupishana kwa zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa, na mgeni aliye katikati ya mikoko hana habari mpaka yamemfikia. Siku za maji mafu zina huruma zaidi. Na njia ya mchanga ipangwe ili isiwe mbali na barabara ambako bodaboda inaweza kufika, kwa kuwa mtu akizidiwa na joto hapaswi kuhesabu kilomita za kurudi.

Wengine watauliza faida ya kujichosha kabla ya safari iliyolipiwa kwa fedha nyingi. Wasiwasi huo una maana kama siku hiyo ni wiki moja kabla, kwa sababu lengelenge lililopasuka na misuli iliyovimba vinataka muda. Ukiacha wiki mbili hadi tatu, mwili unapona na unabaki na nafasi ya kubadili kiatu, kupunguza begi, au kumweleza ukweli anayekuongoza. Ukichelewa zaidi ya hapo, bora usifanye kabisa.

Kwa hiyo msomaji uliyekwisha weka nafasi yako Nyerere kwa miezi ya kipupwe, iache Lupanga kwa mwaka huu. Panda basi la Kibiti pale Mbagala Rangi Tatu, beba begi lilelile, viatu vilevile na maji yaleyale utakayobeba hifadhini, utembee kwa muda wa saa sita kwenye mchanga. Zikikushinda, ahirisha safari, na umwambie aliyekuuzia mapema, kabla hajakununulia chakula cha porini.