Fahamu: Je, sikio hutambua jita katika sauti ya dijitali?

Jita ni kuyumba kwa saa inayoongoza kifaa cha dijitali. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Kipimo kikiwahi au kuchelewa, umbo la wimbi la sauti hupotoka.

Je, husikika?

Kwa nadra mno. Katika majaribio ya Eric Benjamin na Benjamin Gannon, yaliyotolewa mwaka 1998, wasikilizaji wa muziki hawakutambua jita iliyo chini ya takriban nanosekunde 20. Vifaa vizuri vya leo huyumba kwa chini ya nanosekunde moja.

Na ukirekodi ala kama obokano je?

Jita huathiri zaidi sauti nyembamba. Obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii wa Kisii na Nyamira, huvuma kwa sauti nzito, hivyo huathiriwa kidogo. Kwa anayekirekodi, maikrofoni na mahali inapowekwa ni muhimu zaidi kuliko jita.