Sura ya 7: Fundi wa Siti Unayeweza Kumrudia

Siti ikianza kumuumiza dereva wa pikipiki, wazo la kwanza linalomjia ni kuongeza sponji. Anamwona fundi, fundi anakata kipande cha godoro, anakibandika juu ya sponji ya zamani, anavuta ngozi bandia mpya na kupiga pini. Siti inatoka imenona na kung'aa. Siku chache zinatosha maumivu kurudi, safari hii makali zaidi.

Chanzo ni mifupa miwili ya chini ya nyonga, ambayo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu aliyekaa. Sponji nyepesi hukubali uzito huo kwa muda mfupi, kisha hubonyea hadi mifupa ikafika kwenye kitako cha siti, yaani ile plastiki au bati la chini. Hapo nyama hubanwa, damu hupita kwa shida na ganzi huingia. Sponji ya godoro la bei nafuu haifiki kilo 20 kwa mita moja ya ujazo. Povu la siti ya kiwandani, ambalo humwagwa katika kalibu, huwa na uzito unaozidi mara mbili ya hapo. Kwa hiyo unayemtafuta ni fundi wa kujenga siti kwa tabaka: chini sponji ngumu, hata ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa pamoja, na juu yake sentimita chache tu za sponji laini. Ukitaka kupima kazi yake, usibonyeze kwa kidole gumba, kwa sababu kidole hakina uzito wa kufika chini. Weka goti, uegemee kwa nguvu zako zote. Ukigusa kitako, sponji hiyo haikufai.

Lipo pia jambo la mtetemo, na hapa mafundi wengi huwapotosha wateja pasipo kukusudia. Kiwiliwili cha binadamu huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayokuja kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Sponji nene na laini haiizuii yote. Mitikisiko inapokaribia mara 4 kwa sekunde, sponji hiyo inaweza hata kuiongeza. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kanuni kwa waajiri ambao wafanyakazi wao hutikiswa na mitambo: kwa siku ya saa 8, kipimo kikifika mita 0.5 kwa sekunde ya mraba, mwajiri lazima achukue hatua, na kisizidi 1.15. Dereva wa kabaza, yaani pikipiki ya abiria, anayepita barabara za vumbi za wilaya ya Dowa, Malawi, tangu asubuhi hadi jioni ni mfanyakazi wa namna hiyohiyo, na mgongo wake unastahili hesabu ileile. Ndiyo maana namheshimu sana fundi ambaye, kabla ya kupokea hela, hutazama shokapu na upepo wa matairi, halafu akasema, "Kaka, anza na hizi, siti tutaiona baadaye." Huyo ameacha kipato cha leo kwa ajili ya mgongo wa mtu mwingine.

Umbo nalo lina uzito wake. Siti inayoinamia mbele hukusukuma kwenye tangi, ukawa unajizuia kwa mikono mchana kutwa. Mabega yakiuma, kosa huenda liko chini ya makalio. Siti pana mno hutanua mapaja, na miguu ikashindwa kufika chini pikipiki inaposimama. Kisha yupo abiria. Siti za michezo zilizoinuliwa nyuma hazina kazi kwenye kabaza: mama aliyefunga chitenje hukaa upande, na gunia la mahindi linataka mahali palipo sawa.

Sasa, umpe kazi fundi wa Lilongwe au wa Dzaleka? Mjini vifaa ni vingi na mashine za kushonea ngozi nzito hupatikana kwa urahisi zaidi, japo kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, kila kinachotoka nje kilizidi kuwa kigumu kununua. Dzaleka iko kilomita zipatazo 45 kutoka mjini. Ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kama kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na ingawa ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotawala. Mkazi wake hawezi kwenda mjini atakapo. Kutoka kunahitaji kibali, na tangu mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi warudi kambini, jambo hilo limezidi kubana. Safari ya kwenda kurekebishiwa siti Lilongwe inaweza kukugharimu kuliko siti yenyewe.

Kwa mkazi wa kambini, basi, ushauri wangu hauna kona: ngozi nzuri na itoke mjini, hata kwa kumwagiza mtu, lakini kazi ifanyike pale unapoweza kurudi kwa miguu. Siti haimaliziki siku ya kwanza. Hata huko Hollister, California, iliko kampuni ya Corbin, inayotengeneza siti za pikipiki tangu 1968, mteja anaweza kupanga siku, akafika na pikipiki yake na kutengenezewa yeye akiwapo. Faida hiyo, ya kukatiwa sponji ukiwa umeikalia, fundi wa kibandani anayo kila siku. Asiyekukalisha juu ya pikipiki yako kabla ya kukata ameitupa.

Kwenye makubaliano, usione haya. Kama ni mkubwa kwako mwite papa, kama ni Mmalawi mwite achimwene, halafu uliza: kianzio ni kiasi gani, siku ya kuchukua ni ipi, na marekebisho ya kwanza yamo katika bei au la? Je, ana siti ya kuazima, ili usikose mapato pikipiki yako ikiwa wazi? Piga picha siti ya zamani kabla haijavuliwa. Usidanganywe na kazi aliyoimaliza jana. Omba kuonyeshwa siti yake iliyokwisha kunyeshewa msimu mzima, Novemba hadi Aprili. Tazama kama mshono umekaa pembeni au juu kabisa, ambako maji hupenya na sponji hunywa. Tazama pini kama zimeshika kutu.

Sponji mpya hushuka katika wiki mbili tatu za mwanzo. Muda huo ukipita, mrudie fundi na pikipiki nzima, si siti peke yake. Mweleze panapouma, umeendesha kwa muda gani kabla hapajauma, na ulikuwa na abiria au mzigo gani. Kisha panda, ukae kama ukaavyo barabarani, umwache akutazame.