Mashini Zikiacha Kusikilizana

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeshuka shimoni unajua: kamba ya chuma iliyochakaa haingojwi ikatike. Inabadilishwa mapema, siku iliyopangwa. Leo tuangalie kamba nyingine, ile isiyoonekana kwa macho: maneno ambayo mashini zinaambiana.

Pampu iko chini, msimamizi wake yuko juu mbele ya ordinatere. Kipimo cha maji kinatuma nambari, skrini inaionyesha. Ili programu mbili zielewane, lazima ziwe na njia moja ya kuulizana na kujibizana. Mafundi huiita API. Tangu mwaka 1996 viwanda vingi duniani vilitumia njia iitwayo OPC, iliyojengwa juu ya DCOM ya Windows.

Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kwamba DCOM ina tundu la kupitia wezi. Ikaliziba kwa hatua tatu. Juni 2021 ilitoa kufuli, lakini haikulifunga. Juni 2022 ikalifunga, ila fundi aliweza kulifungua. Tarehe 14 Machi 2023 ikaondoa ruhusa hiyo. Programu ya zamani isiyojua kupita hapo inakataliwa mlangoni. Na kama walioitengeneza wamekwisha kuiacha, nani atairekebisha?

Pengine utasema: basi tukatae masahihisho mapya. Hapana! Mei 2017 kirusi WannaCry kiliingia katika ordinatere za nchi zaidi ya 150. Dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi, lakini wengi hawakuiweka. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa.

Njia njema ni kuhamia OPC UA, ambayo haitegemei DCOM. Lakini kuhama hakufanywi usiku mmoja. Kwanza mafundi waandike kila mashini inayotumia njia ya zamani. Kisha njia mbili zifanye kazi pamoja, nambari zilinganishwe. Zikipatana, ndipo ile ya zamani izimwe.

Na wewe, kazi yako ni hii:

1. Nambari isiyobadilika si lazima iwe nambari nzuri. Skrini ikiganda, huenda inakuonyesha maji ya saa moja iliyopita. Piga simu chini, uliza, hakikisha.

2. Ukijua ordinatere ya zamani iliyosahauliwa kwenye kona na bado inafanya kazi, mwambie mkubwa wako.

3. Usichomeke simu wala flashi ya nyumbani kwenye ordinatere ya kazi.

4. Siku ya mabadiliko, kila ekipe ijulishwe kabla ya kushuka, na mtu awekwe kuangalia vipimo kwa macho yake.

Kumbuka, ndugu: skrini haizami majini, mtu ndiye anayezama. Mke na watoto wanakungoja nyumbani. Usalama kwanza!