Mama Aliyevunjika Nyonga Atazaa Namna Gani?

Wamama wengi katika nchi yetu wamepata kuumia nyonga. Mmoja alianguka kutoka juu ya lori lililojaa mizigo. Mwingine aligongwa na pikipiki alipokuwa akienda sokoni. Mwingine aliumizwa na watu wakati wa vita. Walilala majuma mengi, kisha wakatembea na fimbo, na sasa wanalima na kuteka maji kama zamani. Halafu mimba inaingia, na hofu inaingia pamoja nayo. Mama anajiuliza, “Je, mtoto ataweza kupita? Ama nitapasuliwa?” Mama mkwe anasema hili, jirani anasema lile, na miezi inapita pasipo mtu kumwuliza mganga.

Ndugu msomaji, soma maneno haya pole pole, tena umsomee mwenzako asiyejua kusoma.

NYONGA NI NINI?

Nyonga ni pete ya mifupa. Mifupa mikubwa miwili iko kuume na kushoto. Nyuma uko mfupa wa mwisho wa mgongo. Mbele ile mifupa miwili inakutana katika kiungo ambacho hulegea kidogo wakati wa mimba. Mtoto hupita katikati ya pete hiyo. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina upana wa karibu sentimeta 9 na nusu, kwa hiyo nafasi inayobaki ni ndogo.

Sasa shika neno hili: kuvunjika peke yake hakuamui namna ya kuzaa. Mifupa ikipona mahali pake, njia ya mtoto hubaki wazi, na wamama wengi wa namna hii huzaa kwa njia ya kawaida. Lakini kama mfupa umepona ukiwa umepinda kuelekea ndani, njia imekuwa nyembamba. Tena kama mganga alifunga mifupa kwa chuma, hasa kwenye kile kiungo cha mbele, yampasa kujua chuma kiko wapi. Hata hivyo, wako wenye chuma waliozaa vizuri bila kupasuliwa. Kwa hiyo usiseme, “Fulani alivunjika akazaa nyumbani, nami nitafanya vile vile.” Wala usiseme, “Fulani alipasuliwa, basi nami sina njia nyingine.” Mfupa wako si mfupa wake.

FANYA HAYA MAPEMA

1. Kama hujapata mimba bado, nenda hospitali sasa. Wakati huo ni mwema kwa kupiga picha ya mifupa, ile tunayoiita radio. Kama picha za zamani zingalipo, uzilete zote, hata kama zimechakaa.

2. Kama una mimba tayari, nenda katika miezi ya kwanza. Usingoje tumbo lionekane kwa watu wote. Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka wa 2016 linashauri mama aonwe na waganga mara 8 katika mimba moja. Siku ya kwanza kabisa sema wazi, “Mimi nilivunjika nyonga,” na uombe neno hilo liandikwe kwenye fishi yako. Mkunga hawezi kuona ndani ya mwili wako. Usipomwambia, hatajua.

3. Eleza pia mambo yanayoleta haya. Je, mkojo unatoka bila kutaka? Je, mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine? Je, huwezi kutanua miguu bila maumivu? Mkunga akijua, atakusaidia kuzaa ukiwa umelala kwa ubavu, au kwa namna nyingine isiyokutesa.

4. Ujue aina ya damu yako, na utafute ndugu walio tayari kutoa damu. Weka fedha kidogo kidogo tangu mwanzo.

MAHALI PA KUZAA

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko wote. Hata kama mganga amekuambia kwamba utazaa kwa njia ya kawaida, usizae nyumbani, wala katika kituo kisichoweza kupasua. Kwa nini? Kwa sababu hakuna picha inayoweza kutuambia kwa hakika kabisa kama mtoto huyu atapita. Kichwa cha mtoto hujikunja kidogo, viungo hulegea, na nguvu za uchungu si sawa kwa kila mama. Ekografi inaonyesha mtoto na kondo lake, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba njia inatosha. Mara nyingi uchungu wenyewe ndio unaotoa jibu. Katika materniti mkunga anaandika saa kwa saa jinsi njia inavyofunguka na jinsi kichwa kinavyoshuka. Kazi ikisimama, mganga anapasua kabla ya hatari.

Ikiwa kwenu ni mbali, au njia huharibika wakati wa mvua, usingoje uchungu uanze. Njoo majuma 2 au 3 kabla ya siku yako, ukae karibu na hospitali. Usinywe dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zinaweza kusukuma mtoto kwa nguvu penye njia nyembamba, hata mji wa mimba ukapasuka.

Mtoto akikwama siku nzima au mbili, kichwa chake kinabana kibofu juu ya mfupa. Nyama inakosa damu, inakufa, na baada ya siku chache mkojo unaanza kutiririka bila kukoma. Huo ndio ugonjwa wa fistula. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, imetibu wamama wengi wa namna hii. Tunashukuru kwamba kuna matibabu, lakini ni heri kuzuia kuliko kushona.

KUPASULIWA SI AIBU

Wengine husema kwamba aliyepasuliwa hakuzaa kweli. Wengine, mama akikawia kuzaa, humshurutisha aungame, wakidhani kwamba alilala na mwanamume mwingine. Wakati wanapomwuliza, saa zinapita na mtoto anachoka. Soma Mwanzo sura ya 35. Raheli alipendwa na mume wake, naye alizaa kwa shida hata akafa njiani. Hakuna neno hapo linalosema kwamba alifanya dhambi. Mfupa uliopinda hauponi kwa kuungama. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Lakini tusifiche neno: kupasuliwa nako si jambo dogo. Mama hupoteza damu nyingi zaidi, kidonda chaweza kuoza, na kovu linabaki katika mji wa mimba. Kwa hiyo hatupasui kwa sababu ya hofu tu. Aliyepasuliwa apumzike angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine, na mimba zote zinazofuata azizalie hospitali, maana kovu laweza kupasuka wakati wa uchungu.

NENO KWA BABA NA KWA MAMA MKWE

Baba, nenda pamoja na bibi yako kwa mganga, usikie kwa masikio yako mwenyewe. Mkubaliane mapema nani atamsindikiza, atapanda gari gani, na nani atabaki na watoto. Kama wewe husafiri, sema leo mbele ya jamaa kwamba mama asingoje ruhusa yako usiku uchungu utakapomshika. Wamama wamekufa mlangoni pa nyumba, watu wakimtafuta baba.

Mama mkwe, wewe ulizaa wengi nyumbani, nasi tunakuheshimu kwa hilo. Lakini nyonga yako haikuvunjika. Msaidie binti huyu kwa kumbebea mizigo, na kwa kumwambia aende.

Nawe mama, uliye na mimba na mfupa wa zamani, kesho asubuhi chukua fishi yako na picha zako, uje. Tutakupima, tutakueleza, nawe utauliza yote unayotaka kuuliza. Kisha tutaamua pamoja, siku zingalipo.