Sura ya 6: Maumivu Hayapimi Jeraha

Mvua ikinyesha Kamachumu, wilayani Muleba, njia za migombani huteleza. Aliyejitwika mkungu wa ndizi akikosea hatua, unyayo hugeukia ndani na kifundo huteguka. Ushauri atakaopewa jioni ni uleule anaopewa mchezaji pale Kaitaba, Bukoba: kama anatembea hajaumia sana, akandwe maji ya moto, achuliwe mpaka mfupa urudi. Ushauri huu unalemaza watu. Katika mteguko wa kawaida hakuna mfupa uliotoka. Kilichoumia ni ligamenti, yaani nyuzi zinazounganisha mifupa; joto na kuchua siku za kwanza huzidisha damu na uvimbe.

Majeraha ya ligamenti yana madaraja matatu. La kwanza, nyuzi zimevutika, chache zimechanika, kiungo kiko imara. La pili, ligamenti imekatika sehemu, damu imevilia, kiungo kimelegea kiasi. La tatu, imekatika yote.

Hili la tatu ndilo linalodanganya wengi. Nyuzi zilizobaki ndizo zinazouma zikivutwa. Zikishakatika zote, hakuna cha kuvutwa. Ndiyo maana wa daraja la pili aweza kulia huku wa la tatu akiingia kliniki kwa miguu yake.

Kipimo ni mikono. Mgonjwa aketi, mguu uning'inie. Mkono mmoja ushike muundi juu ya kifundo, wa pili ukamate kisigino na kukivuta mbele. Anza na mguu mzima, kwa sababu wapo waliozaliwa na viungo vilivyolegea. Daraja la kwanza, kisigino hakizidi cha mwenzake. La pili, kinasogea kisha kinagota. La tatu, kinakuja tu, hakigoti. Siku ya kwanza misuli hukaza na uvimbe huficha. Rudia siku ya 4 au ya 5, hapo jibu huwa la kuaminika zaidi.

Eksirei haionyeshi ligamenti, hivyo picha safi si cheti cha uzima. Kazi yake ni kutafuta mvunjiko: apigwe asiyeweza kukanyaga hatua 4, au anayeumia akibonyezwa ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa uliochomoza pembeni ya kifundo.

Hata daraja la tatu la kifundo mara nyingi hupona bila upasuaji, kwa kufungwa vizuri na mazoezi ya miezi kadhaa. Asirudi uwanjani wala kubeba mkungu kabla hajaweza kusimama imara kwa mguu huo mmoja.