Marejesho na Mapigo ya Moyo

Nauza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, na mtu mwenye marejesho ya mkopo kesho namjua kwa kumtazama. Anahesabu noti zilezile mara tatu. Mteja akiuliza bei, anajibiwa kwa ukali. Tunasema “ana mawazo”, tunampa pole, tunaendelea kupanga mzigo.

Mawazo hayo yanafanya kazi ndani ya mwili. Ukishtuka, tuseme kibaka kachomoa simu yako pale Msimbazi, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka kwenye damu ili misuli ipate nguvu, tumbo hupunguza kazi yake. Kibaka akishapotea, mwili hutulia. Marejesho hayapotei. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, hukusanywa kila wiki, mingine kila siku, na mkusanyaji anaijua fremu yako. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka usiku, hukosa wasaa wa kushuka. Miezi ikienda hivyo, usingizi unaharibika, unasahau chenji ya mteja, presha inapanda.

Na hapa petu hofu hazikomei kwenye mikopo. Soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka asubuhi, watu zaidi ya 20 wakafa. Jirani yangu mpaka leo akisikia mashine ya kuvunja zege anatoka nje, na sioni ajabu.

Ila tumbo likiwaka, tafadhali usiishie kusema ni mawazo. Vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Vingine huletwa na dawa za maumivu, zile diklofenaki wabeba mizigo wanazomeza kila jioni. Nenda ukapimwe. Presha nayo ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, muone daktari.

Kinachonipa moyo ni habari ya Mbare, mtaa wenye soko kubwa mjini Harare. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa hapo, akawafundisha kuketi na wenye mawazo kwenye benchi la zahanati. Bibi anasikiliza, mnataja matatizo yote, mnachagua moja, mnapanga hatua ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, tumeiga hivyo. Kabla ya kununua hisa, mwenye tatizo analisema. Mama mmoja wa mitumba, Mchikichini, alikuwa na mikopo mitatu, anakopa huku alipe kule. Tukachagua ule wenye riba kali, tukamkopesha aumalize, akaahidi kutogusa mwingine. Deni bado analo, lakini usingizi anaupata.

Mtu akianza kusema heri afe, hapo kikoba hakitoshi. Tunampeleka hospitali siku hiyohiyo, Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili, na mmoja wetu anafunga duka aende akae naye.