Beki, Mlinzi na Upande Unaolinda: Istilahi za Mpangilio wa Timu katika Mpira wa Magongo

Makala haya yametokana na swali la mwalimu mmoja wa michezo. Katika tafsiri ya kanuni za mpira wa magongo aliyoipata, alisoma kuwa wakati wa kona ya adhabu walinzi wasiozidi watano, golikipa akiwamo, ndio watakaosimama nyuma ya mstari wa goli. Timu yake ilikuwa na walinzi watatu. Akahesabu: watatu na golikipa ni wanne. Basi kwa msimu mzima vijana wake walizuia kona wakiwa wanne, hali wenzao wakizuia wakiwa watano, na mabao waliyofungwa kwa njia hiyo hayakuwa machache. Swali lake lilikuwa fupi: huyo wa tano ni nani?

Huyo wa tano ni mchezaji ye yote wa timu hiyo, hata akiwa winga. Kosa halikuwa la mwalimu, wala mfasiri hakuvunja sarufi. Neno moja la Kiswahili lilibebeshwa dhana mbili. Katika lugha ya kanuni, mlinzi ni mchezaji ye yote wa upande ambao kwa wakati ule unazuia goli lake. Wakiunyang'anya mpira, walinzi wote kumi na mmoja huwa washambuliaji papo hapo. Katika lugha ya mbinu, mlinzi ni yule aliyepangwa nyuma tangu mchezo kuanza, naye hubaki na jina hilo hata akienda mbele kufunga bao. Dhana ya kwanza ni hali, ya pili ni cheo. Watumishi wa serikali watalielewa jambo hili upesi, maana wanajua kuwa kukaimu si cheo.

Ushauri wetu ni kuzitenga dhana hizo kwa maneno tofauti. Kwa nafasi za uwanjani yafaa tushike maneno ya mkopo yaliyokwisha kuzoeleka, yaani golikipa, beki, winga na fowadi, pamoja na "kiungo", ambalo ni letu wenyewe. Kwa kanuni tuseme "mchezaji wa upande unaolinda" na "mchezaji wa upande unaoshambulia". Ni maneno marefu, twakubali, lakini katika kanuni urefu hauleti madhara yaletwayo na utata. Neno "mlinzi" peke yake tungependa kuwaachia waandishi wa magazeti.

Ipo hatari nyingine, nayo ni kufasiri majina ya nafasi neno kwa neno. Mengi ya majina yaliyomo katika vitabu vya zamani yalizaliwa na mpangilio mmoja: golikipa, mabeki wawili, wachezaji watatu mbele yao, na mafowadi watano. Kwa mpangilio huo India ilitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo, tangu Amsterdam mwaka 1928 hadi Melbourne mwaka 1956. Wale watatu wa kati walikuwa na jina la Kiingereza ambalo tumeliona likifasiriwa "nusu-beki". Msomaji atauliza nusu ya pili imekwenda wapi. Kazi yao ilikuwa kuunganisha nyuma na mbele, na "kiungo" lasema hivyo hasa. Fowadi wa ndani, aliyesimama kati ya winga na fowadi wa kati, hayumo tena katika mipangilio mingi ya leo. Kazi yake wameirithi viungo. Mfasiri wa kitabu cha zamani alitumie jina lake bila wasiwasi, ila asimtafutie nafasi katika mchoro wa timu ya sasa.

Si kwamba mahali pa mchezaji papuuzwe. Katika kandanda winga wa kushoto ni kama winga wa kulia aliyetazamwa katika kioo. Katika mpira wa magongo sivyo. Gongo lina ubapa upande wa kushoto tu. Mgongo wake wa mviringo ni marufuku kuuchezea mpira. Na magongo yote yameundwa namna hiyo, kwani hakuna gongo la wenye mashoto. Kwa hiyo winga wa kulia akifika karibu na mstari wa goli huupeleka mpira katikati kwa pigo la kawaida, bali mwenzake wa kushoto hana budi auzunguke mpira kwanza au apindue gongo. Beki naye ana nguvu zaidi upande wake wa kulia, na kushoto kwake ndiko washambuliaji wapendako kupita. Ndiyo sababu makocha humfundisha beki asimame kwa namna itakayomlazimisha mshambuliaji kupita kulia kwa huyo beki. Ondoa maneno matatu ya mwisho, "kwa huyo beki", na maelekezo yote yamepotea, maana kulia kwa beki ni kushoto kwa mtu anayemkabili. Mahali hapa mfasiri asione haya kurudiarudia.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Vitabu vya zamani vya magongo vilihesabu kutoka mbele na kumtia golikipa mwishoni: 5-3-2-1. Watu wa kandanda huhesabu kutoka nyuma na kumwacha golikipa: 2-3-5. Ni mpangilio ule ule. Kwa kuwa njia zote mbili hutumika, mfasiri ataje mapema hesabu yaanzia wapi.

Neno "kuotea" latakiwa kuwekewa mwaka katika orodha zetu. Kanuni ya kuotea iliondolewa katika mpira wa magongo kwa majaribio mwaka 1996, na moja kwa moja mwaka 1998. Kabla ya hapo mabeki waliweza kusogea mbele pamoja na kumwacha fowadi ameotea. Leo fowadi aweza kusimama karibu na golikipa muda wote, na lazima abaki mtu wa kumwangalia. Kitabu kisemacho mabeki wapande kwa pamoja ili kumwotesha adui hakina budi kufasiriwa kama historia.

Limebaki jina la beki achezaye peke yake nyuma ya wenzake, akiokoa mipira iliyowapita. "Mfagiaji", lipendekezwalo na wengine, latupeleka ofisini asubuhi. Katika kandanda wapo wamwitao "mkoba", nasi twalipenda, ila hatujaridhika kuwa wacheza magongo wamelikubali. Kenya ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia huko Barcelona mwaka 1971, na Tanzania ilicheza magongo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Msomaji aliyepata kucheza na watu wa enzi hizo, au kuwasikia wakiitana uwanjani, atuandikie walimwitaje beki huyo.